Kuzunguka Kisiwa cha Kusini cha New Zealand kwa Gari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu mimi na mdogo wangu turudi kutoka kuzunguka Kisiwa cha Kusini, ujumbe hauishi kuingia: mlipita wapi, siku ngapi, barafu mliigusa? Nimeyakusanya maswali hapa pamoja na majibu. Mengine nimeyajibu kwa mistari miwili kwa kuwa hayahitaji zaidi. Mengine nimeyaandikia kwa kirefu, maana ndiyo yanayoamua kama utarudi umeona milima au umeona mawingu.

Mzunguko wenyewe ni upi hasa?

Unaanzia Christchurch, upande wa mashariki. Unapita Geraldine na Fairlie, unapanda Burkes Pass na kushukia Ziwa Tekapo. Mbele yake kuna Ziwa Pukaki, na kando ya ziwa hilo barabara namba 80 inakwenda kilometa 55 hadi kijiji cha Aoraki/Mount Cook. Inaishia hapo, kwa hiyo unarudi ulikotoka. Kisha unavuka Lindis Pass hadi Wanaka, unaambaa na maziwa ya Hāwea na Wanaka, unapenya milima kwa Haast Pass na kutokea Bahari ya Tasman. Sasa uko Pwani ya Magharibi, na unaifuata kwenda kaskazini: Haast, Fox Glacier, Franz Josef, Hokitika, Greymouth, hadi Punakaiki. Unarudi Greymouth, unavuka tena milima kwa Arthur's Pass, unaingia Christchurch.

Yote ni kilometa 1,300 na ushei, ukiacha vijinjia vya pembeni. Milima unayoivuka mara mbili ni Southern Alps, na barabara zinazoikata kutoka upande mmoja hadi mwingine ni tatu tu: Haast, Arthur's na Lewis. Kati ya Haast na Arthur's hakuna njia ya mkato. Ukifika Franz Josef ukakumbuka kwamba umesahau koti Tekapo, koti hilo limekwenda.

Siku ngapi zinatosha?

Kumi. Najua wengi mna saba, na kwa saba gari litamaliza mzunguko bila shida. Tatizo ni kwamba kila mahali utakuwa na asubuhi moja tu, na asubuhi hiyo ikiwa ya mawingu umelipa tiketi ya mbali kuja kutazama ukungu. Sisi tulikaa siku 11: Tekapo moja, Aoraki mbili, Wanaka mbili, Haast moja, eneo la barafuto (ile mito ya barafu inayoteremka kutoka vileleni) siku tatu, Punakaiki moja, Arthur's Pass moja. Nikijaliwa kurudi nitaongeza mbili, na zote nitazipeleka Pwani ya Magharibi. Ukilazimika kupunguza, punguza Wanaka. Mji ni mzuri, lakini uzuri wake hautegemei siku ya bahati.

Nianzie kusini au nianze na Arthur's Pass?

Napendekeza kuanza na Tekapo. Barabara za upande ule ni pana na kavu, mikono inazoea gari kabla ya kufika kwenye kona za Haast. Lakini tazama kwanza utabiri wa hali ya hewa wa MetService. Ukiona siku mbili za anga safi zinakuja magharibi na mvua inafuata nyuma yake, geuza safari uende magharibi kwanza. Ndiyo sababu nawaambia watu wasilipie malazi yote mapema wakati usio na msongamano.

Kwa nini upande mmoja ni mkavu na mwingine unanyesha hivyo?

Hili ukilielewa, safari nzima umeielewa. Pepo za huko huvuma zaidi kutoka magharibi, zikibeba unyevu wa Bahari ya Tasman. Mara tu baada ya pwani zinakutana na ukuta wa milima, vilele vingi vikipita mita 3,000. Hewa inalazimika kupanda, inapoa, inaangusha maji yote palepale. Franz Josef hupata mvua ya kama mita 5 kwa mwaka. Mita, sio sentimeta. Hewa inayoshuka upande wa pili imeshakamuliwa, na Tekapo hupata kama milimita 600 tu.

Utaliona jambo hili kwa macho ndani ya siku moja. Asubuhi unaondoka Wanaka kwenye vilima vya nyasi za rangi ya mchanga. Unapita Makarora, unapanda hadi mita 564 kwenye Haast Pass, ambayo Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hii, huiita Tioripatea, na kabla hujajua kilichotokea umezungukwa na msitu mzito, mikangaga mirefu kuliko gari, na maji yakichuruzika kila mahali kwenye mwamba. Mdogo wangu alifungua dirisha akasema panasikika harufu ya mtungi wa maji. Sikuwahi kupata maneno bora ya kuieleza.

Barabara hiyo, kwa taarifa yako, ilikamilika mwaka 1965 tu. Kabla ya hapo watu wa Haast hawakuwa na barabara ya kuwaunganisha na wenzao wa kaskazini mwa pwani yao wenyewe.

Niende mwezi gani?

Kumbuka majira ya kule: kiangazi ni Desemba hadi Februari, baridi kali ni Juni hadi Agosti. Mimi ningechagua Machi. Joto lipo, watalii wamepungua, na siku bado ni ndefu. Wakati wa baridi milima inapendeza sana ikiwa na theluji, lakini Lindis Pass na Arthur's Pass hushika barafu nyembamba isiyoonekana juu ya lami, na unaweza kutakiwa kuwa na minyororo ya matairi. Kama hujawahi kuifunga, mwambie anayekukodisha gari akuonyeshe, na uifunge mwenyewe mara moja mbele yake.

Wengi huulizia maua ya zambarau na waridi kando ya Tekapo. Hayo ni malupini, huchanua kama katikati ya Novemba hadi Desemba. Ni mazuri, siwezi kukana. Ila si mimea ya pale. Huvamia vitanda vya changarawe vya mito, na ndimo anamotaga kakī, ndege mweusi mwenye miguu mirefu ambaye wamebaki wachache sana. Piga picha, lakini usichume ukabeba mbegu kuzitupa mbele ya safari.

Visa, leseni na ukaguzi wa uwanja wa ndege?

Wenye pasipoti za Kenya na Tanzania wanahitaji visa ya mgeni. Kile kibali cha mtandaoni cha NZeTA ni cha nchi zilizosamehewa visa, kwa hiyo usilipie kitu kisichokuhusu. Omba mapema.

Leseni yako ya nyumbani inakubalika ikiwa hai na imeandikwa kwa Kiingereza, vinginevyo iambatane na tafsiri iliyoidhinishwa.

Uwanja wa ndege wako makini mno na vyakula, mbegu, na udongo kwenye viatu. Tunda moja usilolitaja kwenye fomu linaweza kukugharimu faini ya dola 400 za New Zealand papo hapo. Kutaja hakuna faini. Mimi nilitaja mpaka iliki. Ofisa alizinusa, akatabasamu, akanirudishia. Na viatu vya kupandia milima, visugue nyumbani kabla ya kufunga sanduku.

Kuendesha kukoje?

Wanaendesha kushoto, kwa hiyo kwa wengi wetu hapo hakuna jipya. Mwendo wa juu kwenye barabara kuu ni kilometa 100 kwa saa, na mijini kwa kawaida 50. Lakini 100 ni kikomo, sio lengo. Njia ya Haast na ile ya kutoka Fox Glacier hadi Franz Josef zina kona ambazo 35 tu inakutoa jasho.

Kitu cha kujifunza kabla hujawasha gari ni madaraja ya njia moja. Yako mengi Pwani ya Magharibi, na yapo hata kwenye barabara kuu. Ukikaribia daraja utaona kibao. Kikiwa cha mstatili, cha bluu, na mshale mkubwa mweupe unaelekea unakokwenda, haki ya kupita ni yako. Kikiwa cha duara chenye ukingo mwekundu, na mshale wa upande wako ni ule mdogo mwekundu, unasimama na kumpisha anayekuja. Hata ukiwa na haki, tazama kwanza ng'ambo, maana mgeni mwenzako huenda hajasoma haya. Kwenye daraja moja refu tulikuta gari limeshaingia kinyume na kibao. Tulirudi nyuma taratibu, wakapita wakitupungia mkono, na hakuna aliyekasirika.

Jambo jingine: ukiona foleni nyuma yako, ingia pembeni uwapishe. Kuna vipande vya kusimamia kila baada ya mwendo mfupi. Wenyeji wanakwenda kazini, wewe ndiye uliyekuja kutazama mandhari. Na usisimame katikati ya barabara kupiga picha hata pawe pazuri vipi.

Ramani inasema saa nne, mbona watu wanasema ni siku nzima?

Wanaka hadi Fox Glacier ni kama kilometa 260. Saa nne hizo ni za mtu asiyesimama. Nakuhesabia vituo vyetu tu: ukingo wa Ziwa Hāwea, maporomoko ya Thunder Creek, daraja la Gates of Haast ambapo mto unapita kwa kishindo kati ya mawe makubwa kama nyumba, ufuo wa Ship Creek, na Knights Point ambako unaiona Tasman yote chini yako. Tuliondoka saa mbili asubuhi, tukafika Haast kumi jioni, na hata nusu ya pili ya njia, yenye Ship Creek na Knights Point, hatujaigusa. Ndiyo maana tulilala hapo.

Maziwa yana bluu ile kweli, au ni picha zimerekebishwa?

Ni kweli, na ukifika utaona picha zimepunja. Barafuto husaga mwamba ulio chini yake kama jiwe la kusagia nafaka. Unga unaotoka ni laini kiasi kwamba haukai chini. Unaelea ndani ya maji, na jua likipiga unatawanya mwanga wa bluu na kijani. Pukaki ndilo lenye rangi nzito zaidi, kama maziwa ya kunywa yaliyotiwa dawa ya bluu.

Ushahidi mzuri uko karibu na kijiji cha Aoraki. Kwenye njia ya kwenda kutazama barafuto ya Tasman kuna vidimbwi vinavyoitwa Blue Lakes, na sasa ni vya kijani. Zamani vilipokea maji ya barafuto. Barafu iliposinyaa, vikabaki na maji ya mvua, unga ukatuama, rangi ikaondoka. Jina limebaki, bluu imekwenda. Mbele kidogo, baada ya kupanda ngazi, unaona ziwa la Tasman lenye vipande vya barafu vinavyoelea. Ziwa hilo halikuwepo kabla ya miaka ya 1970. Nilisimama pale nikifikiri kwamba nina binamu waliozaliwa kabla ya ziwa.

Nitauona mlima Aoraki?

Mwenyezi Mungu akipenda, na ukilala pale usiku mbili. Una mita 3,724, mrefu kuliko yote nchini. Ukikutana na takwimu ya 3,764 ni ya zamani: Desemba 1991 kipande kikubwa cha kilele kiliporomoka, na barafu iliyobaki juu imeendelea kumomonyoka tangu hapo.

Kwa watu wa Ngāi Tahu, kabila la Wamaori la Kisiwa cha Kusini, mlima huu ni babu. Wanasimulia kwamba Aoraki na ndugu zake, wana wa Rakinui, baba wa mbingu, walikwama na mtumbwi wao baharini. Mtumbwi ukapinduka ukawa kisiwa hiki, nao wakapanda upande ulioinuka, wakageuka mawe. Mrefu kuliko wote ndiye Aoraki. Wanaomba wapandaji wasikanyage ncha yenyewe ya kilele, na mimi naona ni ombi dogo. Mpanda milima Edmund Hillary aliupanda mwaka 1948, miaka mitano kabla ya Everest, na sanamu yake iko kijijini ikiutazama.

Wasiopanda milima hupita Hooker Valley, njia tambarare yenye madaraja ya kuning'inia, inayoishia kwenye ziwa chini ya mlima. Mwaka 2025 sehemu ya juu ilifungwa ili kujenga daraja jipya, kwa hiyo ulizia hali yake kwenye kituo cha DOC, idara ya serikali ya uhifadhi, kabla ya kuifungia safari.

Barafuto za Fox na Franz Josef naweza kuzikanyaga?

Kwa miguu kutoka bondeni, hapana. Zamani ilikuwezekana. Barafu ilivyorudi nyuma, mwisho wake ukawa hatari, na safari za kutembea kutoka chini zikasitishwa, Franz Josef mwaka 2012 na Fox miaka miwili baadaye. Sasa anayetaka kukanyaga hupelekwa juu na helikopta pamoja na kiongozi. Ni gharama kubwa, na helikopta haziruki kwenye mawingu. Weka nafasi siku ya kwanza ya kufika kwako, ili ikiahirishwa ubaki na siku ya pili na ya tatu. Yetu iliahirishwa mara mbili, tukaruka ya tatu saa nne asubuhi.

Kilichonigusa juu kule ni mlio. Nilitarajia kimya. Kumbe barafu inalia chini ya miguu, inakwaruza, na ndani ya nyufa maji yanaporomoka usiyaone. Ukichungulia ufa, weupe unageuka bluu, kisha bluu nzito, kisha giza.

Usiye na bajeti hiyo, usihuzunike. Franz Josef ina njia ya bondeni hadi sehemu ya kutazamia, ingawa barafu utaiona kwa mbali. Kwa upande wa Fox, barabara ya bondeni ilikatwa na mafuriko na maporomoko ya ardhi mwaka 2019, ila kuna njia ya miguu ukingo wa kusini. Usivuke kamba za tahadhari. Mito ile huinuka ghafla na mawe yanaporomoka bila kubisha hodi.

Wamaori huiita Franz Josef Kā Roimata o Hine Hukatere, machozi ya Hine Hukatere. Binti huyo alipenda milima, akamshawishi mpenzi wake Wawe wapande pamoja. Theluji iliporomoka ikamchukua Wawe. Machozi ya binti yakaganda. Fox, Te Moeka o Tuawe, ndipo kijana huyo alipolala. Kati ya vitanda viwili hivyo vya huzuni ni nusu saa tu kwa gari.

Ziwa Matheson lina thamani ya kuamka alfajiri?

Lina thamani. Maji yake ni meusi kama chai ya rangi, kwa sababu yanachujwa na majani yanayooza msituni, na weusi huo ndio unaofanya kioo. Upepo ukiwa haujaamka, Aoraki na Mlima Tasman vinaonekana mara mbili. Siku ya kwanza tuliona ukungu. Siku ya pili ukungu. Ya tatu tulifika giza na tochi, tukakaa kwenye ubao bila kusema neno, na mstari wa vilele ukatokea majini kabla hatujauona angani. Ilidumu kama dakika 15, kisha bata mmoja akapita akauvuruga.

Mafuta na mtandao wa simu?

Jaza tangi Wanaka, ongeza tena Haast. Mtandao hupotea kwa vipande virefu kati ya Makarora na Fox Glacier, kwa hiyo pakua ramani mapema. Dharura piga 111. Ukiumia kwa ajali, shirika la umma la ACC husaidia gharama za matibabu hata kwa mgeni, lakini ugonjwa wa kawaida haumo. Bima ya safari bado unaihitaji.

Naweza kulala ndani ya gari popote?

Hapana. Maeneo mengi ya wazi huruhusu tu magari yenye cheti cha kujitosheleza, yaani yenye choo na matangi yake. Kambi za DOC ni rahisi na ziko pazuri.

Kuna wadudu?

Kuna usubi, hasa pwani na kando ya mito. Wanauma mchana, wanaungana jioni. Vaa mikono mirefu, paka dawa, na usikune. Nyoka hakuna nchi nzima.

Wale kasuku wanaoharibu magari ni hadithi?

Si hadithi. Kea ni kasuku wa milimani, wa kijani, na chini ya mbawa ana rangi ya machungwa. Kwenye sehemu ya kutazamia daraja refu la Otira, karibu na Arthur's Pass, mmoja alitua juu ya boneti yetu, akatukagua mmoja mmoja, kisha akaanza kuvuta mpira wa dirisha kwa utaratibu kama fundi. Usimpe chakula. Aliyezoea kulishwa hukaa barabarani, na huko hugongwa. Funga madirisha, ondoa vitu vya mpira juu ya gari, na umtazame kwa macho.

Pwani nisimame wapi?

Okarito, kilometa 13 nje ya barabara kuu, ina ziwa tulivu la pwani lenye ndege wengi. Ukibahatika utamwona kōtuku, korongo mweupe aliyechorwa kwenye sarafu ya dola 2. Hokitika ni mji wa pounamu, jiwe la kijani ambalo Wamaori walilivusha milima kwa miguu karne nyingi kabla ya barabara ya Arthur's Pass.

Punakaiki ndiyo ya kupangia saa. Mawe ya chokaa pale yamelala tabaka juu ya tabaka kama chapati zilizopangwa kwenye sahani, na chini yake bahari imechimba mapango. Maji yakijaa na mawimbi yakiwa na nguvu, hewa inabanwa ndani na maji yanaruka juu kupitia matundu. Maji yakipwa utaona mawe tu. Kwa hiyo tazama kwanza jedwali la kujaa na kupwa, fika kama saa moja kabla ya kilele, na simama upande upepo unakotoka ikiwa hutaki kulowa. Sisi tulisimama upande wa pili. Tuliendesha hadi Greymouth tukiwa na taulo mabegani, kipasha joto kikivuma, na chumvi imekauka kwenye nyusi.